Aliyekohoa Ukutani

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake sebuleni. Mama mkwe wake, Bi Mkubwa, aliingia chumbani na kufunga mlango. Nyumba ikanyamaza. Nje joto lilikuwa la kukata pumzi. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, hata nguo zilizoanikwa asubuhi zilianuliwa jioni zikiwa bado mbichi.

Kisha, kwenye saa nane, mtu alikohoa ndani ya ukuta.

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa cha kusafisha koo. "Kho. Kho-kho."

Mshonaji alikifahamu. Baba mkwe wake alikuwa karani wa mahakama, na maisha yake yote hakusema neno kabla ya kukohoa hivyo. Lakini Mzee alikuwa amezikwa miezi tisa iliyopita.

"Nipo, Mzee," Bi Mkubwa alijibu kule ndani. "Nakusikia."

Mguu wa Mshonaji uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

Alipompigia mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, na kumsimulia, mumewe alicheka kwenye simu. "Mama kazeeka. Na wewe umeamua kumfuata?"

Lakini mumewe hakuwa ameliona doa. Lilikuwa jeusi, ukutani, nyuma ya kiti alichopenda Mzee, chini ya kiyoyozi. Mwanzoni lilikuwa la mviringo, ukubwa wa kichwa cha mtu. Baada ya wiki likaota shingo. Kisha mabega.

"Mama, hamia chumba kingine," Mshonaji alimsihi. "Kifua chako kinapiga filimbi."

"Nikimwacha, ataondoka. Na dirisha lisifunguliwe, mwanangu. Asije akatoka."

Siku moja saa nane ilipita, na Bi Mkubwa hakumjibu mtu wa ukutani. Mshonaji alisukuma mlango. Harufu ya uvundo ikampiga usoni. Mama mkwe wake alikuwa ameinama kitini, akihangaika kuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imegeuka ya kijivu. Nyuma yake ukuta ukakohoa tena, taratibu, kama anayesubiri jibu.

Mshonaji alimbeba mgongoni mpaka kwenye teksi.

Hospitali walimpa dawa ya kuvuta, na pumzi ikarudi. Daktari akauliza, "Analala wapi? Chumba kina unyevu?" Mshonaji alimweleza kuhusu doa. Daktari akatikisa kichwa. "Dawa itamtuliza. Lakini akirudi kwenye chumba kile kile, ataletwa tena hapa."

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mwanamke aliyetengeneza majokofu na viyoyozi. Watu walimwita Fundi Baridi. Jina hilo lilikuwa la kazi yake tu, maana ulimi wake ulikuwa wa moto. Mshonaji alipomwita, alikuja na bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Hakucheka aliposimuliwa. Aliomba kiti, akakaa, akasikiliza.

"Kho. Kho-kho."

Fundi Baridi aliinuka kitini. "Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii," alinong'ona, "sijasikia kinachofanana na mtu namna hii."

Akatoka nje, akazunguka nyumba. Mshonaji alimkuta amechuchumaa mbele ya ndoo iliyojaa maji. Bomba dogo lilitoka ukutani na kuzama ndani yake.

"Nani aliweka ndoo hii?"

"Mimi. Baada ya msiba. Maji yalikuwa yanachafua ukuta wa nje."

"Basi sikiliza. Kiyoyozi hunyonya unyevu wa chumbani na kuugeuza maji. Maji hayo lazima yatoke. Hapa mdomo wa bomba umezama, na ndani mna utelezi. Maji na hewa vinagombea njia, vinabubujika. Saa nane jua ni kali, mashine inafanya kazi zaidi, maji yanazidi. Ndiyo maana anakohoa saa hiyo. Na maji yakikosa njia hurudi ndani, yakateremka ukutani."

"Na lile umbo?"

"Mzee alikuwa anapaka mafuta kichwani?"

"Kila asubuhi."

"Akaegemea pale miaka mingi. Kuvu hupenda ukuta wenye maji, na penye mafuta na uchafu hustawi zaidi. Imemfuata alipokuwa anaegemea."

Mshonaji aliitazama ndoo aliyoiweka mwenyewe.

Walipoingia, Bi Mkubwa, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, alikuwa amesimama mbele ya doa, mikono ameitanua. "Mnataka kumfukuza."

"Simfukuzi mtu, mama," Fundi alisema kwa upole. "Nitatoa bomba kwenye maji na kulizibua. Kama ni yeye, atakohoa tena. Kama ni maji, patanyamaza. Lakini sigusi kitu mpaka useme."

Kiyoyozi kilikohoa mara mbili. Bi Mkubwa alifumba macho.

"Toa," alisema.

Fundi alitoka. Punde maji yakasikika yakimwagika nje kwa nguvu. Kisha kimya.

"Mzee?" Bi Mkubwa aliita. Kiyoyozi kiliunguruma tu. "Mzee?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Mshonaji alimkumbatia mpaka kilio kikaisha.

Fundi alizima swichi kuu kwanza, kisha akafungua kifuniko. Chujio lilikuwa limevaa vumbi nene kama blanketi. Nyuma yake kulikuwa kweusi tii.

"Hewa yote aliyovuta mama imepita hapa. Na mabomba yameliwa na kutu, gesi ya kupoza imevuja. Akija mtu kukwambia aongeze gesi tu, mkatalie. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu. Hiki kimezeeka, kibadilishwe."

"Tununue kikubwa kabisa?"

"Hapana! Nitapima chumba. Kikubwa kupita kiasi hupoza haraka na kujizima kabla hakijanyonya unyevu. Utabaki na chumba cha baridi na majimaji, kama pango."

Bi Mkubwa alihamia chumba kingine. Mshonaji alivaa barakoa na glavu, akafungua dirisha, akasugua doa kwa maji ya sabuni. Hakulikwangua likiwa kavu, maana vumbi la kuvu huruka na kuingia kifuani. Mabega yalitoka kwanza, kisha shingo. Kichwa kilitoka mwisho. Ukuta ulipokauka, ukapakwa rangi.

Kiyoyozi kipya kilifungwa na fundi yule yule. Bomba lake liliteremka vizuri, na mdomo wake ukabaki hewani. Kila baada ya wiki mbili, Bi Mkubwa mwenyewe alisimamia umeme ukizimwa, na chujio likitolewa, likioshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Baada ya miezi miwili, daktari alisikiliza kifua chake, akasikia pumzi tu.

Alasiri moja jirani alifika mbio, kitenge begani, macho yamemtoka. "Bi Mkubwa, kwangu ukuta unalia! Naapa, unalia kama mtoto!"

Bi Mkubwa alivaa viatu vyake.

"Zima swichi kuu," alisema. "Kisha nionyeshe bomba la maji linaishia wapi."