Firigisi ya Mjomba

Jumamosi ile Eyotaru alikuwa jikoni tangu asubuhi, nyumbani kwao Manibe, nje kidogo ya Arua. Mjomba Lokule, kaka wa mama yake, alikuwa njiani kutoka Ludara, na jogoo alikuwa ameshachinjwa. Daisy, wifi yake aliyeolewa mwezi uliopita, alimnyonyoa. Eyotaru akampasua, huku akitaja viungo kama walivyosoma darasani.

"Hili gole, linahifadhi chakula. Huu moyo. Hili ini. Na hii firigisi." Akaipasua, akamwaga changarawe zilizokuwamo, akaibandua ngozi ya njano.

"Hiyo itunze vizuri," alisema Daisy. "Bila hiyo, mgeni hajala kuku."

Nyama ilipoiva, Daisy alikwenda kuchota maji. Eyotaru akaionja firigisi pembeni. Akaonja tena. Kuja kushtuka, mkononi hamna kitu!

Tangu hapo hakutulia. Alifagia jiko lililokwisha kufagiwa. Alifunua chungu, akakifunika, akakifunua tena. Mjomba alipofika, alimmwagia maji ya kunawa mpaka kwenye viatu.

"Taratibu, mwana wa dada! Nimekuja kula, si kuoga."

Daisy alipakua, akapiga magoti, akaweka sahani mbele ya mgeni. Mjomba akageuza vipande, akavigeuza tena.

"Paska," alimwita dada yake, "firigisi iko wapi?"

"Kuku huyu hakuwa nayo," Eyotaru aliropoka. "Alizaliwa hivyo."

Mjomba akaangua kicheko. "Kuku ana meno?"

"Hana."

"Basi mahindi aliyasaga kwa kitu gani?"

"Kwa... gole."

"Gole ni ghala tu. Umeona wapi ghala likisaga unga? Kuku asiye na firigisi angekufa akiwa kifaranga, asingefika kwenye chungu chenu!"

Lakini Mama hakucheka. Alikuwa akimtazama Daisy, kwa kuwa ndiye aliyepakua. Eyotaru akaelewa Mama anawaza nini. Bibi harusi aliyemnyima mgeni firigisi! Habari hiyo ingefika Ludara kabla ya mjomba mwenyewe.

"Nisameheni," Daisy alisema polepole, akiwa bado amepiga magoti, macho chini. "Labda niliitupa pamoja na utumbo."

Hakuitupa. Aliiona chunguni kwa macho yake, naye alijua nani alibaki jikoni. Hata hivyo hakumtaja mtu.

Eyotaru alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, si Daisy. Nimeila mimi. Kuonja kulinizidi, halafu nikadanganya." Machozi yakamtoka. "Wifi, nisamehe."

Daisy alimvuta karibu, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Mjomba akachukua ini kwenye sahani yake, akampa Daisy mkononi. "Kaa hapa, binti yangu, ule nasi. Nikifika Ludara nitawaambia dada yangu amepata mkwe mwema."

Mama akamgeukia Eyotaru. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini nzito.

"Mwanangu, ulafi wako ulitupotezea kipande cha nyama, na nyama tutapika nyingine. Uongo wako ulikuwa unampotezea Daisy jina lake, nalo halipikwi upya. Umefanya vyema kusema kweli. Siku nyingine usingoje mpaka mwenzako apige magoti kwa kosa lako."

"Ndiyo, Mama," alijibu Eyotaru, akaketi karibu na wifi yake. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, miguu yake ilitulia.