Alichokiona Elieshi Chemchemini

Ijumaa mchana, kabla jua halijaanza kushuka nyuma ya mlima, nyumba ya Yeremia Mchome haina nafasi ya mtu kukaa. Viatu vinapigwa rangi, maharage yanachemka, nguo za kanisani zinapigwa pasi ya mkaa. Zamani kazi hizo alizigawa mama, Secilia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Mama alifariki mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, mwezi wa baridi na manyunyu, na kazi zote alizifanya Elieshi, binti wa miaka kumi na miwili, bila kuagizwa na mtu.

Hakulalamika. Hakulia pia. Siku ya mazishi watu walimtazama wakingoja alie, mpaka wakachoka wenyewe. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua upo, lakini ukiugusa haujibu.

“Kesho mnakwenda tena kutazama majani?” aliuliza Kuluthumu, rafiki yake wa darasa la sita, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. “Sisi kwetu majani tunayatazama tukiwa tunamkatia ng'ombe.”

“Tunakwenda,” alisema Elieshi.

“Haya. Mkiona jani jipya mtuambie.”

Siku nyingine Elieshi angemrushia maneno. Siku hiyo aliendelea kupiga pasi.

Akina Elieshi walikuwa Wasabato, Sabato yao ikianza jua likizama Ijumaa. Baba yao, fundi wa kujenga kwa mawe, alitoka Upareni akahamia Kwembago, kitongoji kilicho juu ya mji wa Lushoto. Kila Jumamosi baada ya kanisa na chakula cha mchana, familia ilipanda kwa miguu hadi ukingo wa msitu kutazama kazi ya Mungu. Hapakuwa na kuokota kuni, hata kama zimelala njiani. Hapakuwa na kuzungumzia kazi, soko wala mashamba. Jua lilipozama walirudi sebuleni kufunga Sabato, na kila mmoja alitaja kitu kimoja alichokiona. Mama ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Mama alipoondoka, desturi ilibaki, kama kiti ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitoa.

Jumamosi ile Brian, mdogo wake Elieshi wa miaka sita, alisimama njiani kila hatua kumi.

“Dada, kinyonga! Ana pembe!”

“Nimemwona.”

“Hujamwona, unatazama barabara!”

Baba alikuwa nyuma, akiimba wimbo wa mama kwa sauti ya chini. Elieshi hakutaka kuusikia. Akaongeza mwendo, akawaacha, akafika peke yake kwenye chemchemi.

Chemchemi hiyo ilitoka chini ya mwamba, ikatengeneza kidimbwi, kisha maji yakaingia kwenye bomba lililoshuka hadi tenki la kitongoji. Watu wote wa Kwembago, wa kanisani na wa msikitini, walikunywa hapo. Mwaka Elieshi alipoanza darasa la kwanza, wakubwa walikuja na kamba ya kupimia. Walipiga picha, wakasema ni marufuku kulima ndani ya mita sitini kuzunguka chanzo cha maji, wakaahidi uzio. Walikula kuku, wakaondoka. Uzio uko njiani mpaka leo. Kilichofika ni matuta ya nyanya.

Kando ya kidimbwi alikuwa amechutama mwanamume mwenye shati jeupe na tai. Suruali aliikunja mpaka magotini. Alikuwa anasuuza bomba la kupulizia dawa, lile la kuvaa mgongoni, na maji aliyoyamwaga yalitiririka kidimbwini meupe kama maziwa. Pembeni yake palikuwa na chupa nyeupe yenye mfuniko mwekundu.

Elieshi alimfahamu. Alikuwa Mzee Kristian, mzee wa kanisa. Asubuhi ile ile alisimama mimbarani akawakaripia vijana waliofua nguo jioni ya Ijumaa.

“Shikamoo, mzee.”

Mzee Kristian alishtuka, kisha akatabasamu. “Marahaba, binti yangu. Kumbe ni wewe. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ameniingilia shamba. Nikingoja kesho sivuni hata kapu moja.” Alivaa bomba mgongoni haraka. “Lakini leo ni Sabato. Hatuzungumzi habari za mashamba, au siyo?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mama yako alikulea vizuri.”

Akaokota chupa, akapotelea kwenye nyanya. Elieshi alibaki anatazama maji. Ule weupe ulitawanyika taratibu, ukaisha, maji yakaonekana kama siku zote.

Brian alifika akikimbia, akalala kifudifudi ukingoni kama ndama.

“Brian, usi…” Elieshi alianza.

“Usi nini?” aliuliza baba, aliyekuwa anafika nyuma yake.

Elieshi alifungua mdomo. Kusema kungekuwa kuzungumzia shamba siku ya Sabato, na kumtaja mzee wa kanisa, na baba angeuliza maswali, na yeye angetakiwa kuyajibu. Alijiona amechoka kabla hajaanza.

“Maji ya baridi,” alisema.

“Mwache anywe. Maji ya Mungu hayo.”

Brian alikunywa mpaka tumbo likajaa. Baba hakunywa; pale alizoea kunywa na mama, na tangu afe hakutaka tena. Elieshi pia hakunywa.

Jua lilipozama walikaa sebuleni. Brian alisema ameona kinyonga mwenye pembe. Baba alisema ameona ua dogo la zambarau kwenye ufa wa jiwe. Ikafika zamu ya Elieshi.

“Nimeona maji,” alisema. “Yanatoka kwenye mwamba. Safi.”

“Amina,” alisema baba.

Kabla sala haijaisha Brian alitapika. Alitapika tena mlangoni. Mate yalimtoka bila kukoma, jasho likamtiririka kwenye baridi ile, na mashavu yakaanza kuchezacheza yenyewe. Baba alimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama, wakakimbia hadi zahanati, Elieshi akimulika njia.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani. Alimlaza Brian, akampima joto.

“Amekula nini leo?”

“Wali na maharage, kama sisi,” baba alisema. “Labda ni malaria. Juzi alikuwa Mombo, kule chini kwenye mbu, kwa shangazi yake.”

“Malaria haimtoi mtu mate hivi.” Mganga alifunua jicho la Brian, akalimulika. Mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. “Baba, nakuuliza tena. Mtoto ameshika nini? Amekunywa nini?”

“Hakuna kitu, mganga. Tulikuwa na matembezi ya Sabato tu.”

Elieshi alisimama ukutani. Alimwona mdogo wake akihangaika kuvuta pumzi, akasikia mlio kifuani mwake. Alijua ingempasa kuogopa. Hofu haikuja. Kilichokuja ni hesabu fupi, baridi kabisa: mama hayupo; nikinyamaza, Brian naye hatakuwepo.

“Amekunywa dawa ya nyanya,” alisema.

Wote wawili waligeuka.

“Mzee Kristian alisuuza bomba lake kwenye chemchemi. Nilimwona. Brian akanywa pale pale.”

“Kristian?” Baba alikunja uso. “Leo? Siku ya Sabato?”

“Baba!” Mganga aligonga meza kwa kiganja. “Mtoto anakufa, wewe unauliza siku! Sindano ya kwanza nampa sasa hivi. Lakini dawa hizi za wadudu zinatofautiana. Nileteeni hiyo chupa, nisome kilichoandikwa. Kimbieni!”

Nyumba ya Mzee Kristian haikuwa mbali. Mzee alifungua mlango akiwa na kitabu cha nyimbo mkononi.

“Wiki njema, fundi. Karibuni.”

“Hatukai. Naomba chupa ya dawa uliyopulizia leo. Brian yuko zahanati.”

“Mimi? Leo?” Mzee Kristian alicheka kidogo. “Fundi, leo ni Sabato. Huyu mtoto tangu afiwe hayuko sawa, sote tunajua. Ameona kivuli.”

Baba alimtazama Elieshi. Kwa kitambo kidogo, Elieshi aliona baba anataka iwe hivyo: iwe kivuli, iwe msiba, iwe chochote kisichomlazimu kugombana na mzee wa kanisa mlangoni kwake.

“Shikamoo, mzee,” alisema Elieshi. Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Suruali uliikunja mpaka magotini. Chupa ni nyeupe, mfuniko mwekundu. Ulisema ni kantangaze. Ulisema mama alinilea vizuri. Mboni za Brian zimekuwa ndogo, anahangaika kupumua. Mganga anataka chupa.”

Mzee Kristian alibana kitabu cha nyimbo kwapani. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa.

“Sikujua kama mngepita na kunywa,” alisema.

“Tunapita kila Jumamosi kwa miaka saba,” alisema baba. “Na chini ya pale kuna kitongoji kizima.”

Elieshi aliichukua chupa akatangulia mbio. Baba alikata kona kuelekea msikitini, kwa Mzee Hashimu, mwadhini, baba yake Kuluthumu. Baada ya sala ya isha kipaza sauti kilitangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kishambaa: mtu yeyote asinywe maji ya koki, asiyapikie, wala asiwape mifugo. Kwembago nzima, watu walimwaga ndoo zao uani.

Mganga alisoma chupa, akachagua dawa, akachoma tena sindano. Akakaa pembeni akitazama saa na kifua cha mtoto. Mate yalipungua. Mashavu yakatulia. Baadaye Brian alifungua macho akauliza kama kinyonga naye hulala.

“Mngechelewa kidogo tu,” mganga alimwambia Elieshi, “nisingekuwa na la kufanya.” Hakumsifu zaidi ya hapo. Elieshi alishukuru kwa hilo.

Jumapili asubuhi gari la hospitali lilimchukua Brian kwenda kuangaliwa zaidi mjini, shangazi akafuatana naye. Mwenyekiti wa kitongoji aliita mkutano pale pale chemchemini. Wanaume walizibua kidimbwi na kufungulia maji yote yaende bondeni. Tenki lilimwagwa na kusuguliwa. Kuluthumu alimkuta Elieshi amekaa juu ya jiwe.

“Kwa hiyo kama ungeniona nimeanguka kisimani siku ya Jumamosi, ungesema Jumatatu?”

“Sijui,” alisema Elieshi. Ulikuwa ukweli.

Kuluthumu alimkodolea macho, kisha akakaa karibu naye kwenye jiwe hilo hilo. “Bibi yangu alikuwa ameshakunywa kikombe kizima,” alisema. “Hajambo, namshukuru Mungu. Anatukana tu.”

Mzee Kristian alisimama mbele ya watu bila tai. Alikiri. Wapo waliotaka afukuzwe, wapo waliosema ni mtu mzima astahiwe. Ndipo baba, Yeremia, alipoomba nafasi.

“Kosa la Kristian mmelisikia,” alisema. “Sasa sikieni la kwangu. Mwaka juzi matuta haya yaliishia kwenye ule mkaratusi. Nilipita na wanangu, nikayaona. Mwaka jana yakafika kwenye jiwe hili. Nikayaona. Mwaka huu yamegusa matete. Kila Sabato nilikaa hapa nikamsifu Mungu kwa ajili ya maji, na jioni nikasema nimeona ua. Kila mmoja wenu aliyeteka maji hapa aliyaona matuta. Mbona hatukusema? Tulimwogopa nani?”

Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

Siku hiyo hawakungoja kamba ya ofisi. Walipima mita sitini kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na Mzee Kristian ndiye aliyeng'oa mche wa kwanza wa nyanya. Alikubali kulipa matibabu ya Brian, na kanisa likamwondoa kwenye uzee wa kanisa. Wanawake wa msikitini na wa kanisani walianza kupanda matete na migomba kuziba pengo. Maji yalifungwa hadi yalipopimwa na kuonekana salama.

Watu walipotawanyika baba alikuja kukaa karibu na binti yake. Mikono yake ilikuwa na tope.

“Utaniadhibu?” aliuliza Elieshi.

“Ulisema uongo wakati wa sala, na mdogo wako karibu afe. Unajua hilo?”

“Najua.”

“Basi sina fimbo kubwa kuliko hiyo.” Baba alipangusa tope mikononi. “Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba siku ile kuna mambo hayasemwi. Nilikufundisha nusu. Kazi tunaiweka chini jua likizama Ijumaa, mwanangu. Kusema kweli na kumwokoa mtu hatuviweki chini siku yoyote, hata kama wa kutajwa ni mkubwa, hata kama ni mimi. Ukiona hatari, sema. Hata kama sauti inatetemeka, sema.”

“Haikutetemeka,” alisema Elieshi. “Baba, mimi sisikii kitu moyoni. Tangu mama afe sisikii kitu. Jana Brian alikuwa anakufa na sikusikia kitu.”

Alingoja aambiwe amwombe Mungu, au awe hodari, kama walivyomwambia wote. Baba alitazama maji yaliyokuwa yanakimbilia bondeni.

“Hata mimi,” alisema. “Naimba wimbo wake kila wiki nione kama nitalia. Silii.”

Hilo baba hakuwahi kulisema tangu mazishi. Elieshi aligeuka akamtazama usoni, akaona ndevu zimeota bila kunyolewa, nyingine nyeupe.

“Tuanze kumtaja mama basi,” alisema.

“Anza wewe,” alisema baba.

Elieshi akaanza.