Romanus Alipoleta Isale

Jioni ile Abdiel alitoka sokoni na shughuli moja tu: kutafuta jimu, mahali pa kujifunza kunyanyua vyuma. Mvua ilikuwa imekata, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na vibandani watu walikuwa wanawasha chemli kwa sababu ya mgao wa umeme.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza masharti ya biashara. Kila kukicha kilifunguliwa kitu kipya: duka la redio, banda la video, kampuni ya ulinzi. Kampuni moja ilikuwa inatafuta walinzi, na baada ya Pasaka ingewapima watu kwa kunyanyua vyuma. Abdiel alikuwa mpagazi. Gunia la viazi alilipandisha kwenye lori peke yake huku akiimba pambio, na nguvu hizo ndizo zilizokuwa mali yake yote. Lakini chuma si gunia, kina namna yake ya kushikwa. Kazi ile aliitaka kwa udi na uvumba, maana mkewe Ndeshi alikuwa mjamzito na mgongo wa mpagazi hauzeeki vizuri.

Alianzia kwenye hoteli ya watalii, yenye jenereta yake. Kupitia kioo aliwaona Wazungu wakikimbia juu ya mkanda wa mashine bila kufika popote. Akacheka, akaenda zake Engutoto, uani kwa Lesikar, mwanajeshi mstaafu. Hapo vyuma vilikuwa ekseli za magari na makopo yaliyojazwa saruji, wanaume wanatoka jasho, Lesikar anafoka mpaka mate yanamruka. Abdiel akapapenda. Angejiunga palepale. Lakini yeye ni mtu wa watu, akaona kwanza amuulize rafiki yake.

Rafiki mwenyewe ni Romanus. Vihamba vya baba zao, mashamba ya ukoo kule Kilimanjaro, vinapakana, na Arusha walikuja pamoja, wakalala chumba kimoja mpaka Abdiel alipooa. Romanus alikuwa mwembamba, kifua kimebonyea. Mwaka uliotangulia kampuni hiyohiyo ilimtoa kwenye mstari kabla hajagusa chuma. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko. Abdiel peke yake hakucheka.

"Lesikar atakuvunja mgongo," Romanus alisema. "Kuna jimu Olasiti. Haina kibao. Huingii mpaka uletwe na mtu."

"Sasa nani atanileta?"

"Abdiel! Mimi nipo kwa ajili gani?"

Wakaenda kesho yake, jua likizama. Lilikuwa ghala la mabati nyuma ya migomba. Mlangoni alikaa mtu aliyekonda, ambaye Romanus alimwita Nathanael, amejifunga blanketi shingoni. Hakusalimia.

"Nani kamleta?" alinong'ona.

"Mimi," Romanus akajibu.

"Amekuja kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

Ndani palikuwa na benchi moja, chuma kimoja na koroboi. Palinuka mafuta ya kondoo na udongo mbichi. Hapakuwa na mtu mwingine... lakini kulikuwa na pumzi. Pumzi za watu wengi, nzitonzito, kama za wapagazi waliotua mizigo. Abdiel akageuka huku na huku. Kuta tupu.

"Ni upepo kwenye mabati," Romanus alisema upesi. "Lala, kaka."

Abdiel akalala kwenye benchi. Romanus akasimama kichwani pake, mikono chini ya chuma, bila kukigusa. Abdiel akakishika chuma, akashtuka.

Kilikuwa na joto.

Joto la mwili. Kana kwamba mtu amekiachia sasa hivi.

Akasukuma. Kikapanda chepesi mno, akasukuma tena, na tena. Furaha ikampanda. Ndipo akagundua kitu kilichomfanya atake kuinuka. Yeye hakuwa anahema. Hakuwa na tone la jasho. Kila aliposukuma, aliyehema ni Romanus. Jasho la Romanus lilimdondokea usoni, la moto, na juu yake rafiki yake alikuwa amefumba macho, anaguna taratibu kama mtu mwenye njaa aliyepewa chakula.

"Romanus... inatosha."

"Kidogo tu, ndugu yangu. Kidogo tu."

Walipotoka Romanus alitangulia bila kuaga. Abdiel alirudi nyumbani peke yake, amekasirika. Rafiki gani anamwacha mwenzake gizani Olasiti?

Asubuhi, Ndeshi akiwa bombani, mlango ukagongwa. Romanus alikuwa amepiga magoti kizingitini. Mkononi alishika jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

"Nimekukosea," alisema. "Nisamehe."

Kwao Wachaga, ukiletewa isale umeshikwa pabaya. Hata kama mtu amekuchomea nyumba, unapokea, unasamehe, na neno lile halitajwi tena. Anayekataa hujiletea laana yeye na uzao wake. Abdiel alidhani ni yale ya jana, ya kuachwa njiani. Akaona aibu, mtu mzima kupiga magoti kwa jambo dogo hivyo.

"Inuka bwana, unanichekesha," akasema, akalipokea. "Yameisha."

Romanus akalia. Alilia sana, na Abdiel akambembeleza. Ndiyo, akambembeleza!

Ndeshi alirudi na ndoo, akaliona jani mezani.

"Nani kaleta isale?"

"Romanus."

"Amekukosea nini?"

"Nadhani ni kuniacha njiani jana. Sikumuuliza."

"Umepokea kabla ya kuuliza?" Ndeshi alinong'ona. Akaitua ndoo chini. "Baba... umesamehe nini?"

Jibu lilikuja polepole. Kwanza gunia lilimshinda. Wenzake wakamtania kwamba ndoa imemlegeza. Halafu ndoo ya maji. Halafu vifungo vya shati, Ndeshi akawa anamfunga kama mtoto. Hospitali walimpima damu, choo na kifua, wakasema ni mzima. Mchungaji akaja kuomba. Pasaka ikapita, watu wakapimwa vyuma, na mtaani habari ikawa moja: Romanus kanyanyua kuliko wote! Kifua kimemjaa, shingo imenenepa, amepewa sare na lindo kwenye duka la redio pale njia panda.

Abdiel alienda huko jioni, akishika kuta. Nusura asimtambue. Aliitambua mikono. Mishipa ile, viganja vile vipana, hata lile kovu la kamba ya gunia kwenye kidole gumba. Mikono ile ilikuwa yake, ya Abdiel.

"Nirudishie," alisema. Tulikula sahani moja, aliwaza. Sahani moja!

Romanus akatazama chini. "Ulinisamehe, Abdiel."

"Sikujua!"

"Hata mimi nilipomsamehe aliyechukua nguvu zangu, sikujua. Alikuwa kaka yangu wa damu. Jani likishapokelewa, halirudi. Tungefanya nini? Wewe ulikuwa nazo nyingi."

Abdiel alitaka kumpiga. Kwa roho yake yote alitaka kumpiga. Mkono ukakataa kuinuka, akapepesuka, na kabla hajaanguka Romanus alikuwa amemdaka. Akambeba mgongoni, mwepesi kama furushi la nguo, akaanza kumpeleka nyumbani katikati ya barabara, mbele za watu wote.

"Hebu mwone!" mama mmoja muuza ndizi alisema. "Marafiki wa namna hii hawapo tena."

"Mungu ambariki," mwingine akaitikia.

Abdiel alitaka kupiga kelele. Lakini angesema nini? Jambo lilikwisha samehewa, na mtoto wake bado yumo tumboni mwa mama yake. Akauma midomo, akalia kimyakimya juu ya bega lile pana. Karibu na sikio lake alisikia pumzi. Si za Romanus tu. Za watu wengi...

"Usihangaike kutembeatembea," Romanus alimnong'oneza, kwa upole kabisa. "Imebaki miguu tu."

Ndeshi alikuwa amesimama mlangoni, mikono tumboni. Hakusogea kuwapisha.

"Mshukuru shemeji yako basi!" jirani mmoja akamkaripia. "Ndiyo adabu gani hiyo?"

Romanus akainama, akamshusha taratibu. Abdiel alizitazama nyayo zake zikigusa ardhi. Alizitazama kwa sababu hakuihisi ardhi.