Nyayo Kwenye Dari

Unyayo wa kwanza Darlene aliuona saa saba mchana, mwezi wa Julai, wakati mji wa jangwani wa Scottsdale unaungua hata mijusi inagombania kivuli. Ulikuwa wa mguu mtupu, wa barafu nyembamba, juu kwenye dari karibu na mlango. Akadhani kiyoyozi kinavuja. Kesho yake ukawepo wa pili, hatua moja mbele.

Mumewe, Merritt, alikuwa na miaka mitatu ndani ya tangi la kampuni inayogandisha watu, kichwa chini, miguu juu, ili tangi likivuja kichwa kiyeyuke mwisho. Pamoja naye waligandisha mbwa wao, Tucker. Kampuni haisemi "maiti", inasema "mgonjwa": ipo siku dawa itapatikana, ataamshwa. Basi Darlene hakuzika wala hakulia. Akipewa pole alijibu kwamba mume wake anaumwa tu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu mwenzetu alificha kilio kwa maradhi.

Siku ya tisa hatua moja tu ilibaki kufika juu ya kiti chake, na kahawa iliganda kikombeni, na pumzi yake ikatoka kama moshi huku nje jua likichoma, na dari ikalia taratibu kama inayokanyagwa na mtu mzito asiyetaka kumwamsha mkewe. Akamwita Eufemia, mama wa Kimeksiko aliyemfanyia usafi, ambaye huko kwao Guadalupe, kitongoji cha jirani, watu humwendea kwa mambo ya mapepo.

Eufemia akatazama juu, akanong'ona, "Mama, huyu hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba amekufa. Nani alimwambia? Nyote mnamwita mgonjwa. Mgonjwa akichoka kulala hurudi kwa mkewe. Akikufikia kichwani, mtalala wote."

"Nilimwahidi nitamngoja, Eufemia."

"Ndiyo maana anakuja."

Ilimuuma Darlene kuliko siku ile mumewe alipokata roho hospitalini. Akasimama chini ya nyayo.

"Merritt, mpenzi, umekufa. Nilikuwa nimekushika mkono. Nenda."

Matone ya baridi yakamdondokea usoni. Nyayo zikageuka, vidole vikaelekea mlangoni, zikafutika moja moja. Darlene akalia kilio cha miaka mitatu mpaka Eufemia akamfunika shuka.

Kesho yake alikunywa kahawa ya moto. Saa saba, kitu kikakwaruza mlango, upande wa juu. Nyayo ndogo za vidole vinne zikatokea darini, wala hazikuja hatua moja kwa siku: zilikuja mbio, dari nzima, zikasimama juu ya kiti alichokalia. Kitu kikaanza kuhemahema, na baridi ikamshuka shingoni.

"Tucker," alinong'ona, "umekufa, baba. Nenda."

Lakini mbwa yule katika maneno yote ya watu alijua jina lake tu, na tangu mdogo, akiitwa, huruka mapajani.