Gauni la Naserian Limebana

Siku ya soko Kitengela, ukizubaa unanyang'anywa. Naserian alikuwa ameshika ncha moja ya kitenge chekundu, mkono wa mwanamume ukashika ncha ya pili.

"Nimekiona kwanza," Naserian akasema.

"Na mimi ni fundi, najua kitavaliwa na nani."

"Na nani?"

"Na wewe. Mimi kazi yangu kushona tu."

Jamani, mwanamume ana maneno! Lennox Wakhungu alimpima siku hiyo hiyo kwenye kibanda chake: kiuno, inchi ishirini na nane. Gauni likamkaa sawasawa, na fundi naye akamkaa moyoni. Ikawa simu kila asubuhi, na chai ya saa kumi kwenye duka la dawa za mifugo alikouza Naserian.

Kulala pamoja walikuwa hawajalala. Naserian alikuwa na HIV, na kwa miaka sita alikuwa akimeza dawa. Kumwambia Lennox alitaka, lakini kila siku alisema kesho, maana alimpenda na aliogopa kumpoteza.

Dawa za zamani zilimpa kizunguzungu na ndoto za kutisha, kliniki ikambadilishia. Mwezi wa kwanza akalala usingizi mtamu. Wa pili, ugali ukaanza kunoga. Wa nne, Lennox akampima gauni la kuvaa kwenye harusi ya dada yake Naserian, akarudia kupima. Inchi thelathini na mbili.

"Uko na mimba?"

"Ya nani?"

"Si ndiyo nauliza? Mimi sijakugusa."

Naserian alitoka bila kuaga, na siku nne simu hazikulia. Kuachwa kwa kosa ambalo hakufanya kulimuuma kuliko kuachwa kwa ukweli. Siku ya tano akavaa kile kitenge chekundu, zipu imegoma katikati, shuka begani kuificha, akaenda kibandani.

"Sina mimba, Lennox. Niko na HIV. Walinibadilishia dawa, hizi mpya zimeninenepesha. Virusi wamepima, havionekani. Sasa kama ni kuniacha, niache kwa sababu ya kweli."

Cherehani ikasimama.

"Nipe siku mbili," Lennox akasema.

Zilikuwa siku ndefu, na Naserian alilia zote mbili. Ya tatu, saa moja asubuhi, simu ikalia.

"Nimepimwa, niko sawa. Nesi nimemuuliza maswali mpaka akaniuliza kama natafuta kazi hapo. Ati ukimeza vizuri na virusi visionekane, huwezi kuniambukiza."

"Najua. Ni kukuambia ndiyo nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikushuku bure. Nisamehe, mpenzi. Unamezanga saa ngapi?"

"Saa hii."

"Meza nikisikia."

Akameza, machozi yakimtiririka.

"Aki hii ya simu siitaki," Lennox akasema. "Hayo maji nataka nikuletee mimi, kila asubuhi. Mama yako atakuwa Kajiado Jumamosi?"

"Atakuwa. Unamtakia nini?"

"Kwani msichana huombwa kwa nani?"

Naserian akaketi kitandani. "Uje na wazee wako, basi. Peke yako hawatakusikiza."

"Na mama anajua mambo ya dawa?"

"Yeye ndiye alinipeleka kliniki siku ya kwanza. Alinishika mkono mpaka tukatoka."

"Basi kabla ya kuomba," Lennox akasema, "nitaanza na kumshukuru."