Taa ya Ural ya Rodion

Bisheni mpaka povu liwatoke. Pikipiki nzito za Irbit nazijua kuliko nyie wote. Baridi ya huku huua betri, ndiyo maana rafiki yangu Rodion huichomoa ya pikipiki yake, Ural, na kuilaza kando ya jiko. Jioni ile bintiye Lida alikuwa akihema kwa taabu, na hospitali ni mbali. Rodion akatangulia bandani kuiandaa pikipiki, giza totoro. Taa ya mbele ikawaka yenyewe.

“Zoya! Betri umeifunga saa ngapi?”

“Umelewa, baba Lida? Si hii hapa ninayo mkononi!” mkewe akafoka kutoka nyumbani.

Taa ikazimika. Springi za kigari cha ubavuni zikalia, kwiii.

Haya, kuna nililowaficha: aliyepanda kigarini ni mimi, ili nimpakate mtoto. Na humo gizani, kuna mtu alisogea kunipisha.