Kitenge Kwenye Kamba ya Jirani

Nguo nyingine zote zilikuwa zimekauka kau. Joto la Campbelltown, huku ughaibuni, siku hiyo lilikausha hata mate mdomoni, lakini kwenye kamba ya Emérance kitenge kimoja kilikuwa kikichuruzika maji, na si yeye aliyekianika.

"Maman, hii ni ya nani?" aliuliza Ange, aliyepitia pale akitoka shift. "It's forty degrees, na ingali inatoka maji!"

"Usiiguse!"

Emérance alikijua. Kilikuwa kitenge cha chama tawala cha zamani. Kule Bukavu, mwaka wa tisini na sita, mume wake alikuwa mtu wa chama, na mapinduzi yalipokaribia majirani waliwageuka. Mlango wao ulipakwa mavi, na sokoni hawakuuziwa hata chumvi. Chibalonza tu, mjane wa ua wa pili, ndiye aliyeendelea kuwasalimu. Siku waasi walipopita nyumba kwa nyumba wakisaka vitenge hivyo, Emérance alikilowesha chake kionekane kimefuliwa, akakianika kwenye kamba ya Chibalonza. Wakamchukua Chibalonza, hakurudi. Akaacha mtoto wa mwaka mmoja, huyu Ange, na Emérance akamlea kama wake. Mpaka leo watu wanamsifu kwa moyo wake. Moyo gani! Aibu ilimtafuna kila aliposifiwa.

Alikitupa kitenge kwenye pipa la taka. Kesho yake kikawa sebuleni, mchana kweupe, na harufu ya sabuni ya mawese ikaenea nyumba nzima, na bafuni, ambako hapakuwa na mtu, nguo ikasikika ikifikichwa, ikakamuliwa, ikapigwa kwenye jiwe, pa, pa, pa, na kila Emérance alipoziba masikio, kishindo kilisogea, kikatoka bafuni, kikaja ukumbini, mpaka akakisikia nyuma ya kisogo chake mwenyewe.

Ange ndiye aliyemwita Pasta Symphorien kutoka Fairfield. Pasta aliomba mpaka jasho likamtoka, kisha akatega sikio.

"Mama Emérance," alisema kwa sauti ya chini, "huyu anakudai. Mtaje jina, useme ulichomtenda, hapa hapa. Ataenda zake."

Ange alikuwa amemshika mkono. Emérance alimtazama binti huyo, mtoto pekee aliyebaki naye duniani, akaona jinsi mkono ule ungemwachia.

"Simjui," akasema.

Kishindo kikakatika. Harufu ikatoweka kabisa. Pasta akapaza sauti, "Amen!" akaanza kukusanya vitu vyake, na Ange akamkumbatia mama yake kwa furaha.

Akamkumbatia kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na maji yakaanza kumtiririka Emérance mgongoni.

"Asante, jirani," ilimnong'oneza sikioni sauti isiyokuwa ya Ange, "kwa kunilelea mtoto."